Gari la Upanga na Kiti cha Dereva

Mke wangu alinipigia simu nikiwa Kahama, mchana, nimekaa juu ya magunia ya mpunga wa mtu mwingine nikisubiri lori. Ulikuwa mwaka wa tatu hatuishi pamoja. Hatukuwa tumeachana, hakuna aliyekwenda kwa wazee wala mahakamani. Mimi niliondoka tu, kama nilivyozoea kuondoka, na safari ile sikurudi kwa wakati. Akasema, "Njoo tununue gari la watoto. Wewe unayajua magari." Akaongeza kwamba watoto hawajambo, akakata.

Nilifunga begi siku ile ile. Kilichonifungisha begi si gari. Ni neno "tununue".

Ni kweli magari nayajua kidogo. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa utingo wa malori ya Tunduma, baadaye nikauza spea mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kisha nikafuata madini, kisha mchele. Kila kazi niliifanya mpaka nilipoanza kuizoea, ndipo nikaiacha. Mke wangu hakuwa hivyo. Ni mtu wa Kilimanjaro, amekaa Kariakoo miaka ishirini kwenye fremu moja, anauza nguo za watoto wachanga kwa jumla, na katika miaka hiyo nadhani amefunga duka kwa ugonjwa mara mbili. Safari zake zilikuwa moja tu kwa mwaka, Desemba, kwenda kwao na watoto kwa basi. Nami, kwenye basi la kutoka Kahama, nilishalipanga lote: gari la viti saba, mimi nyuma ya usukani, yeye pembeni yangu anamenya machungwa, binti yetu na mapacha nyuma, mama yake na magoti yake mabovu kwenye kiti cha katikati, tunapandisha Moshi.

Nilifikia kwa rafiki yangu wa utotoni, fundi magari, Buguruni. Mke wangu alikuwa amesema nyumba imejaa, mama yake yupo. Niliona ni jambo la siku chache.

Asubuhi nilikwenda dukani kwake kwa miguu. Nilipita mtaa niliozaliwa, karibu na Msimbazi. Nyumba yetu ya vyumba sita, yenye uwanja katikati na bomba moja, sasa ni ghorofa la mikoba na mabegi. Nilisimama pale kwenye lango nikijaribu kukisia jiko la mama lilikuwa upande gani, mpaka mchukuzi mwenye mkokoteni akaniambia, "Mzee, kama hununui, sogea." Nikasogea.

Dukani mke wangu alinipa stuli na chai. Alikuwa amepungua, na alikuwa amekata nywele. Aliniuliza habari za safari, akahudumia wateja watatu, kisha akasema yule rafiki yangu fundi aje kesho tukaangalie magari kwenye yadi. Hakukaa chini hata mara moja.

Yadi ile ya kwanza dalali alitupokea kama ndugu waliopotea. Akatuonyesha gari la viti saba, jeupe, linang'aa, namba E, yaani la usajili wa karibuni. "Mkono wa kwanza, bosi. Lilikuwa la mama mmoja daktari. Kazini na kurudi, kazini na kurudi. Jumapili kanisani."

"Madaktari wa mji huu wana magari mengi kweli," fundi akasema. "Kila yadi nakuta la daktari."

Hakufungua boneti. Aliingia ndani, akavuta mkanda wa kiti cha nyuma, akauvuta mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hakuna abiria anayefika. Mkanda uliokuwa mweusi juu ulikuwa na rangi ya kahawia huko chini, na kwenye mshono kulikuwa na mchanga laini. Akanipa nishike.

"Daktari huyu alikuwa anakwenda kanisani kwa kuogelea," alisema. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko, bonde la Msimbazi au kwingine, likakaushwa na kupigwa polishi.

Dalali hakuona haya. "Maji kidogo tu, kaka. Hata wewe unaoga."

Tulicheka wote, hata mke wangu, na kile kicheko kilinipa matumaini zaidi ya jambo lolote lililotokea wiki ile. Fundi akamgeukia. "Shemeji, gari ni kama mume. Usiangalie rangi, sikiliza mlio."

"Mlio niliusikiliza sana," alisema. "Ndio ulionidanganya."

Aliondoka pale akaenda kwenye vigari vidogo vya viti vitano. Nilimfuata nikimwambia hivyo ni vya vijana, sisi tuko wengi. Akafungua mlango wa dereva wa kimoja cha bluu, akaketi, akainama, akavuta kiti mbele. Yeye ni mfupi. Alikivuta mpaka mwisho, akaweka mikono kwenye usukani, akatazama kioo. Akatoka, akaingia kingine, akafanya vile vile.

"Anajaribu raha ya kukaa mbele," nilimwambia fundi.

Fundi alinitazama, kisha akarudi kutazama matairi.

Alipotaka kulijaribu moja barabarani dalali alimwomba leseni ya dereva, nami nikanyoosha mkono kwenye mfuko wangu. Mke wangu akatoa yake kwenye pochi. Ilikuwa na picha yake ya nywele fupi. Hakuwa ameniambia kwamba alisomea udereva. Nilikaa kiti cha nyuma, akatuzungusha mtaa ule polepole, akionyesha taa kila kona hata pasipo na mtu, na sikuwa na la kumsahihisha.

Hatukununua lile, gia yake ilikuwa inashtuka.

Jioni, wakati anafunga mahesabu ya duka, nilimweleza mpango wangu wa malipo. Nilikuwa nimeufikiria vizuri. Tuchukue mkopo kwenye chama cha akiba cha wafanyabiashara wenzake, tulipe kwa miaka mitatu, kila mwezi sehemu yake na sehemu yangu. Nilishaulizia masharti yao. Walitaka kadi ya gari iwe dhamana, na walitaka fomu ya ridhaa ya mwenza, mume na mke waje pamoja, waketi mbele ya afisa, waweke saini. Nilimwambia mambo ya riba na faida ya kutotoa fedha zote mara moja. Sikumwambia kwamba niliipenda ile miaka mitatu yenyewe. Kila mwezi ningekuwa na sababu ya kufika pale dukani.

"Mkopo sitaki," alisema. "Tuuze kiwanja cha Kigamboni."

Kiwanja kile tulikinunua binti yetu akiwa mchanga. Tulifyatua matofali wenyewe, Jumamosi, tukila mihogo ya kuchoma juu ya mchanga. Alikuwa anaonyesha kwa kijiti: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha mama akija.

"Tutajenga wapi?" nilimuuliza.

"Watoto wanatoka kwenda shule saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Mama nambeba mimi na mapacha mpaka kwenye bajaji akienda kliniki. Matofali hayanisaidii."

Mteja wa kiwanja alikuwa tayari. Jirani wa pale pale alikuwa amekitaka siku nyingi. Tulivuka na kivuko asubuhi, tumesimama ubavuni karibu na reli, harufu ya samaki wa soko la Feri inatufuata. Nikaona nisiposema pale sitasema.

"Desemba nitawapeleka Moshi mimi," nilisema. "Yale magari madogo ukiyaelewa mlimani hayasumbui."

"Desemba nitaendesha mwenyewe. Kaka yangu atanisubiri Chalinze na gari lake, tutaongozana."

"Na mimi?"

Aliyatazama maji. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilikwambia tununue gari," alisema. "Sikukwambia urudi."

"Sasa uliniita wa nini?"

"Kwa sababu unayajua magari. Na kwa sababu kiwanja kina majina mawili. Ningeweza kukudanganya, sikutaka. Hii ni haki yako pia, ni ya watoto wako. Ukisema tusiuze, hatuuzi, nitatafuta njia nyingine."

Kivuko kikagonga gati. Watu wakaanza kushuka na baiskeli na ndoo zao, nasi tukashuka nao.

Matofali yetu yalikuwa yameota majani, mengine yamechukuliwa. Mwenyekiti wa mtaa alitandika karatasi juu ya meza ya plastiki, akanipa kalamu kwanza kwa kuwa mimi ni mwanamume. Niliitazama ile sehemu ya sebule. Ningeweza kusema hapana. Nimeulizwa na fundi zaidi ya mara moja kwa nini sikusema. Nilifikiria mama mkwe akibebwa kwenda kwenye bajaji, akiwa ametazama pembeni kwa aibu, mapacha wa miaka kumi na moja wamemshika makwapa. Niliweka saini.

Gari tulilipata Upanga, kwa mzee mmoja Mhindu, mfanyabiashara mstaafu aliyekuwa anamuuzia mke wangu vitambaa zamani. Lilikuwa la viti vitano, rangi ya maziwa, namba B. Lilikuwa chini ya ghorofa lao, limefunikwa turubai. Fundi alipoona namba alikunja uso. Mjini mwetu gari linaulizwa namba kabla ya injini, na namba B wengine wanaona haya kuipaki harusini.

"Shikamoo mzee," mke wangu alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni. Lilikuwa la mke wangu," mzee alisema. "Yeye na mimi hatukuwa na dereva. Hekaluni, sokoni, hospitali hapo. Mwaka umepita sasa tangu afariki."

Safari hii tuliamini. Fundi alivuta mikanda, ilikuwa safi mpaka mwisho. Akalala chini, akanusa oili, akawasha injini na kuiacha ingurume kwa muda mrefu, akiwa ameinamisha kichwa. Mzee akampa daftari dogo lenye tarehe za kila matengenezo, mwandiko wa mwanamke, na kurasa za mwisho mwandiko mwingine, wa kutetemeka.

"Shemeji," fundi alisema, "namba yake ya kizee, lakini injini hii haijawahi kutukanwa."

"Watoto hawapandi namba," alijibu.

Nilitaka kulijaribu. Angalau hilo. Nilifungua mlango wa dereva, magoti yangu yakagota usukani, kiti kilikuwa mbele kabisa. Nikapapasa chini kutafuta chuma cha kukirudisha nyuma. Mzee akaweka mkono mlangoni.

"Samahani, baba," alisema. "Nani ataendesha?"

Nilimtazama mke wangu.

"Kiti hicho tangu yeye hakijasogezwa. Mimi naliwasha tu kila asubuhi nikiwa nimesimama nje. Kama wewe ndiye dereva, sogeza, ni sawa, nimeshaamua kuliuza. Kama si wewe, kiache."

Nilitoka. Mke wangu aliingia, akaketi, akafunga mlango. Akainama kwa mazoea kuvuta kiti, mkono wake ukafika chini na kubaki hapo. Hakikuwa na haja ya kuvutwa. Miguu ilifika. Kioo kilikuwa pale pale macho yake yalipo. Mzee aligeuka akatazama ukuta, na mimi nikamtazama mzee. Nilikuwa nimefanana naye kwa dakika ile, tofauti ni kwamba yeye hakuchagua.

Mke wangu na mzee walikwenda kwa wakili, fedha zikaingia benki, na siku chache baadaye kadi ikatoka kwa jina la mke wangu peke yake. Mimi nilikuwepo kama shahidi. Nilikagua herufi za jina lake moja moja, kazi niliyopewa, nikasema ziko sawa.

Tulipotoka aliniambia nipande. Nikazunguka nikakaa kiti cha abiria. Kiti kile kilikuwa nyuma sana, kimelazwa kidogo. Nadhani mzee ndiye aliyekuwa akikaa hapo. Gari lilinukia ubani na karafuu. Tukashuka kuelekea Kariakoo, foleni ikatushika, akaendesha kwa uangalifu, ulimi ukionekana kidogo pembeni ya mdomo kama anavyofanya akihesabu fulana. Nilikuwa nimeusahau ule ulimi. Niliomba foleni isiishe.

"Hujambo lakini?" alisema, akitazama mbele. "Kula vizuri huko uliko. Watoto watakupigia Jumapili."

"Sawa."

"Nikushushe wapi?"

Watu wote mjini huulizwa swali hilo, kila siku, na kila anayewapa lifti. Mtu anataja kituo, anashukuru, anateremka. Nilitafuta jina la mahali. Nilikuwa nimelala Tunduma, Mpanda, Kasumbalesa, Kahama, na majina yote ya dunia nilikuwa nayo mdomoni isipokuwa la hapa.

"Hapo konani," nilisema.

Alisogea pembeni, nikashuka, nikafunga mlango taratibu kwa kuwa gari la zamani halipendi kubamizwa. Akarudi kwenye foleni. Taa ya kulia iliendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, hata alipokwisha kunyoosha. Madereva wapya huisahau. Nikapiga hatua mbili barabarani, nikainua mkono ili anione kwenye kioo.

Taa ikazimwa kabla mkono wangu haujafika juu.