Zuhura Alipokuja Kufumua Tembo

Usiku ule nililala bila hata kuvua kitambaa cha kichwani. Nilikuwa nimetoka kushona masikio ya tembo, mikono bado inanuka mafuta ya cherehani, na nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi, kwenye mkutano, nitawaambia wenzangu tumuuzie ushirika wetu yule mfanyabiashara aliyekuwa akija kuutaka. Yeye awe mwenye mali, sisi tuwe waajiriwa wake, na mimi nilale kama watu wengine wanavyolala.

Ushirika wenyewe ni chumba kirefu hapa Morogoro, nyuma ya soko, ambamo sisi wanawake tunashona midoli ya kitambaa ya watoto: tembo, twiga, sungura. Hatuna bosi. Kila anayeshona ni mwenye mali, na kila jambo kubwa tunalipigia kura. Tuliuanzisha mimi na Zuhura, shoga yangu tangu usichana, baada ya kiwanda cha nguo tulichokuwa tukifanyia kazi kufungwa. Zuhura alifariki masika yalipoanza. Tangu hapo uenyekiti ni wangu, na kununua vitambaa ni kwangu, na kubembeleza wateja, na kubeba nyumbani kazi mbovu za wenzangu nikazirudie mwenyewe.

Sikumbuki usingizi ulinichukuaje. Nakumbuka ilikuwa mchana, nikawa naingia chumba chetu cha kushonea, na Zuhura alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, dirishani, pini zimejaa mdomoni. Sikushtuka. Nilijua kwamba amekufa, na nilijua pia kwamba hilo halimzuii kuja kazini.

Alikuwa anamfumua tembo wangu. Yule niliyemmaliza jioni ile ile.

"Zuhura, unafanya nini? Kesho mteja anakuja kumchukua."

Anakata uzi, anavuta sufi kutoka tumboni mwa tembo, na sufi haiishi. Inamwagika sakafuni, inafika magotini. Nainama naizoa kwa mikono miwili, naishindilia ndani, naye anaitoa. Nataka kulia, lakini hata kulia naona ni kazi nyingine.

Mara hatuko tena kwenye chumba cha kushonea. Tunapanda njia ya mlimani, ile ya Uluguru, na mimi nina gunia la midoli kichwani, jingine mgongoni. Zuhura yuko mbele, mikono mitupu. Nyuma yangu nawasikia wenzetu wote wa ushirika. Wanapiga soga, wanacheka, mmoja anasimulia harusi ya mdogo wake. Nao mikono yao ni mitupu. Hasira inanipanda mpaka shingo inatetemeka chini ya gunia.

"Unawaona?" namwambia Zuhura. "Hakuna hata mmoja anayenipokea."

Anasimama. Ananigeukia.

"Umewaambia?"

"Si wana macho?"

"Wanayo. Umewaambia?"

Ghafla tumo chumbani kwake, kwenye kitanda kile alichougulia, na harufu ya dawa ni ile ile. Pale ndipo aliponishika mkono siku zake za mwisho akaniambia nisiuache ushirika. Nimekaa ukingoni kama nilivyokaa siku ile. Kisha naona kwamba aliyelala ni mimi, na Zuhura ndiye aliyekaa, ananifuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Nilikuomba usiuache," anasema. "Sikukuomba uubebe peke yako."

Mkono wake ulikuwa na joto, hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Waambie umechoka, shoga."

"Na wewe? Umepumzika?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuzuia pini zisidondoke. "Bado najifunza," akasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, shavu langu limelowa, na mkono niliokuwa nimeulalia umekufa ganzi. Nikajifunga kanga nikaenda mkutanoni bila kunywa chai.

Wote walikuwa wamekaa wakinisubiri. Maneno ya kuuza nilikuwa nimeyapanga vizuri, tangu salamu hadi mwisho. Nikasimama, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kimoja tu.

"Nimechoka, jamani."

Wakatazamana. Nikadhani wamekasirika. Aliyeinuka alikuwa Mama Pendo, mkata vitambaa, ambaye tumegombana naye mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tangu Zuhura atutoke hujatuachia hata kufungua mlango," alisema. "Ukiona kasoro unachukua, unaondoka nayo. Sisi tulidhani ndivyo unavyotaka."

Tulizungumza mpaka chai ikapoa, wengine kwa hasira, wengine kwa machozi. Tulipopiga kura, tulimkatalia mfanyabiashara. Mama Pendo akachukua uenyekiti, na kwenda kwa wauza vitambaa kukawa kwa zamu. Kisha mtu mmoja, sikumbuki ni nani, akanivua tepu ya kupimia shingoni na kuniambia niende nyumbani.

Nikaenda. Nililala mchana kweupe, mlango wazi, watoto wa jirani wakipiga kelele uani, na hakuna aliyenitokea ndotoni.