Mpima Vichwa na Mama Mkwe Wangu

Wakati mashamba ya karanga ya Nachingwea yalipoanza kufungwa, alitufikia mzungu mmoja asiyekuwa na habari na karanga. Alikuja kupima vichwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa praimari Mbekenyera, kijiji cha wakwe zangu, maana kwa desturi yetu Wamwera mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Shule ilikuwa likizo na Kiingereza nilikuwa nacho, basi nikaombwa nimtafsirie.

Chombo chake kilikuwa chuma chenye miguu miwili iliyopinda, mfano wa taya za siafu, ila siafu mwenyewe awe na ukubwa wa mbwa. Alikibana kichwa cha mtu toka paji mpaka kisogo, akasoma namba, akaandika. Kisha toka sikio mpaka sikio. Mwisho pua, urefu na upana.

"Waambie," aliniagiza siku ya kwanza, "hewa ndiyo inayochonga sura ya mtu. Penye baridi na ukavu pua huwa nyembamba, ili hewa ipate joto kabla ya kufika kifuani. Penye joto na unyevu pua hupanuka. Na vichwa navyo hufuata hali ya nchi."

Niliwaambia. Watu walisikiliza kwa heshima, kisha mzee mmoja akauliza, "Sawa, mwalimu. Sasa kofia zenyewe zinakuja lini?"

Nani aliyeleta habari ya kofia sikujua. Lakini mtu akipima kichwa, anapimia nini kingine? Kesho yake uwanja ulijaa. Mmoja aliyekwisha kupimwa alipanga foleni tena kwa niaba ya kaka yake aliyekuwa Ruangwa. "Kichwa chetu ni kimoja," alinihakikishia. Kila asubuhi nilitangaza kwamba hakuna kofia, na kila asubuhi walinikonyeza, kana kwamba naficha habari njema.

Wiki ya pili mzungu alianza kukuna kidevu. "Tazama," akaniambia, "wazee wenu wana pua pana. Walio chini ya miaka thelathini wana pua zilizoinuka na visogo vya mviringo. Kijiji kimoja, koo zilezile! Kilichobadilika ni hewa. Misitu imekatwa, nchi imekauka."

"Misitu imekatwa juzi tu, bwana," nikasema. "Hawa walizaliwa zamani."

Hakupenda. Alifunga daftari akaomba chai.

Sababu yenyewe nilikuwa naijua, ila niliona haya kuitaja. Ilikuwa ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye mkunga aliyewapokea watoto wote wa kijiji kwa miaka hiyo thelathini. Na kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Nikimwona anakuja njiani, nilikuwa naingia vichakani mpaka apite. Basi nianze vipi kumzungumza mbele ya mgeni?

Nilimsimulia mke wangu tu, ambaye siku zile alikuwa mjamzito, tumbo limefika juu. Yeye akamsimulia mama yake. Siku ya pili mama mkwe akatokea uwanjani mwenyewe.

Niligeuka upesi nikaukabili mkorosho. Toka hapo mazungumzo yote niliyafanya nikiutazama mti ule. Mzungu alisema Kiingereza, mimi nikaueleza mkorosho kwa Kiswahili, mke wangu akamgeuzia mama yake kwa Kimwera. Majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa hatua tatu nyuma yangu, na Kimwera ni lugha niliyonyonya, lakini ilibidi maneno yazunguke hivyo.

"Mwambieni," alisema mama mkwe, "hewa haina vidole."

Akaeleza kazi yake. Maji ya moto, kitambaa, mafuta ya ufuta. Pua unaibana kidogokidogo kila asubuhi, kichwa unakikanda kwa viganja, na mtoto humlazi upande mmoja kutwa.

Mzungu alicheka. "Kitambaa hakiwezi kushindana na hali ya hewa ya nchi nzima."

Mama mkwe hakungoja tafsiri ya kicheko. Nilisikia hatua, kisha sauti ya mzungu ikitokea kooni, kama mtu aliyezibwa. Mke wangu alinieleza baadaye kwamba mama yake alikuwa amemshika pua. Aliipapasa kwa utulivu, juu mpaka chini, kisha akatoa hukumu, na mke wangu akanifikishia: "Mama anasema hii ilikosa mkunga."

"Bibi anasema una pua nzuri sana," nikamtafsiria mzungu.

Siku chache baadaye mke wangu alijifungua mapacha, wote wa kiume. Nilifurahi, lakini mzungu alinizidi. Alikuja mbio na daftari. "Huu ndio ushahidi! Mmoja akandwe, mwingine aachiwe hewa. Mimi naenda Naipingo na Mnero, nitarudi baada ya miezi mitatu niwapime."

Nilidhani mama mkwe atamfukuza. Mke wangu akampelekea habari nyuma ya ukuta wa ua, kisha akatoka. "Mama amekubali."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu."

Mtoto wa kuachiwa hewa akafungwa uzi mweusi mkononi, tusije tukamchanganya na mwenziwe. Mzungu akaondoka ameridhika.

Miezi mitatu ikapita, akarudi. Aliwapima wote wawili, akarudia, akarudia tena, watoto wakilia kwa zamu. Namba zilikuwa sawasawa. Pua mbili zimeinuka vizuri, visogo viwili vya mviringo.

"Hewa!" akapiga kelele, kofia yake ikaanguka. "Hewa peke yake! Waambie!"

Nikauambia mkorosho. Nyuma yangu mke wangu alishikwa na kikohozi, kile cha mtu anayemeza kicheko.

Tulipofika nyumbani nilimbana. "Niambie ukweli."

"Mama amewakanda wote wawili. Huyu wa uzi mweusi ndiye aliyemkanda zaidi, maana alikuwa anamwonea huruma."

"Nawe ulijua?"

"Nani alikuwa anachemsha maji?"

Mzungu alikuwa bado anafunga mizigo yake, ningeweza kumkimbilia. Sikwenda. Ningeanzaje kumwambia mgeni kwamba mama mkwe wangu si mkweli? Gari likaondoka na daftari. Lakini darasani nilijikuta nawachapa wanafunzi kwa kunakiliana hesabu, na kila fimbo niliyoinua niliona kama inanitazama mimi. Nikaandika barua. Nilieleza yote, hata habari ya pua yake.

Jibu lilichukua miezi mingi. Liliandikwa kwa upole. Alinishukuru, akasema kwamba kwa sababu ya familia yangu amelazimika kufuta sura nzima ya kitabu chake.

Nilimsomea mke wangu barua hiyo kibarazani. Mama yake alikuwa upande wa pili wa ukuta, anapepeta ufuta. Mke wangu akampelekea maneno kwa Kimwera, ila lile neno sura akaliacha kwa Kiswahili, kama lilivyo.

Ungo ukatuliwa kwa kishindo.

"Afute sura?" mama mkwe aling'aka. "Sura za wajukuu wangu? Mwambieni hazifutiki! Nimezitengeneza kwa mikono yangu!"

Nikaugeukia ukuta, nikaanza kueleza kwamba sura ya kitabu ni kitu kingine, haina macho wala pua. Mke wangu alitafsiri nusu, nusu nyingine akaishia kucheka. Tulizunguka na jambo hilo, mimi, mke wangu na ukuta, mpaka ugali ukapoa, na sina hakika mpaka leo kama bibi yule alipata kuelewa, au kama alitaka.