Siku Mbaha Walipolilia Vioo Vyangu

Zipo aibu ambazo mtu huzizoea, lakini hii yangu ya Mbaha bado hunifanya, nikiwa peke yangu shambani, nisimame ghafla na kuguna. Na ninaisimulia leo kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na wengine (wapo wanaodai kwamba nilikuwa nimelewa, jambo ambalo si kweli, ingawa kama ningelikuwa nimelewa ningelikuwa na kisingizio).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, maduka ya ushirika yalipokuwa yamebaki na rafu tupu, na kila mwenye mshahara wa serikali akawa anatafuta kitu cha kuuza. Mimi nilikuwa mwalimu Mbinga, niliyelelewa seminarini kwa Kilatini na sarufi, na mke wangu alikuwa amefungua duka dogo kwao Mbaha, kando ya ziwa. Likizo ilipofika nikaenda Kyela kumnunulia bidhaa: sabuni za vipande, betri za redio, sahani za bati, mafuta ya kujipaka, na, kwa kuwa wavuvi waliopata fedha za usipa, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wameanza kuchongesha meza za kujipambia, vioo virefu. Vioo hivyo nilivipanga kwa mikono yangu katika sanduku refu la mbao, kila kimoja nikakiviringisha kwa khanga, na mapengo yote nikayajaza sabuni.

Kule bandarini Itungi ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Nilikuwa nimeandika ubavuni mwa sanduku, kwa herufi zilizonyooka, VIOO, USIKALIE. Kuli mmoja akasoma, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, humu melini watu wanasoma kwa makalio."

Basi nikaazima brashi, nikachora msalaba mweusi juu ya kifuniko, nikiamini kwamba hakuna Mkristo wala Mwislamu atakayethubutu kuukalia, na nikamkumbuka, kwa majivuno ya mtu aliyesoma, yule mfalme wa Roma anayesemekana kushinda vita kwa alama hiyohiyo.

"Hapo umewaweza," kuli akasema.

Nisichojua ni kwamba ndani ya meli ileile, nyuma ya mifuko ya saruji, limefunikwa turubai lote, lilikuwamo jeneza la Osmundi, kijana wa Mbaha aliyekuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga Kyela na aliyeondoka duniani kwa homa. Mama yake ni dada wa mama mkwe wangu, kwa hiyo naye ni mama mkwe wangu, na kwetu mkwe hamkatizi mama mkwe neno, wala hamkaribii asipoitwa.

Mbaha haina gati. Meli hutia nanga mbali kidogo, mitumbwi huifuata, na watu na mizigo huteremshwa humo. Siku hiyo upepo wa kusi tunaouita mwera ulikuwa umechafua ziwa na nahodha alikuwa akifoka kwamba hatakaa. Mjomba aliyeisindikiza maiti alikuwa ametapika tangu Manda. Aliteremshwa katika mtumbwi wa kwanza, amejifunika uso kwa koti, asitazame chochote, na ufukweni akapelekwa moja kwa moja kulala. Vijana waliotumwa na ukoo walipouliza mzigo wao uko wapi, baharia mmoja aliwaonyesha kwa kidole: lile lenye msalaba. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilikuwa upande wa pili wa meli nikigombania katoni zangu za betri, nikaja kushuka kwa mtumbwi wa mwisho.

Ufukweni nikalikuta sanduku langu limewekwa juu ya mkeka. Nilifurahi. Niliona watu wengi, nikadhani ni wateja (Mungu anisamehe, ndivyo nilivyodhani). Mzee Kasiani, baba mdogo wa marehemu, akanijia na kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo umefika naye?"

Sasa, msomaji wangu, nikuombe uvumilivu. Watu wa ufukweni kule huzungumza Kinyasa nyumbani, na Kiswahili chao, kama changu nilipokuwa mtoto wa Kimatengo, huteleza katika ngeli; mtu husema gari amekuja na kitabu amepotea. Nikadhani mzee anauliza habari za sanduku na kwamba amekosea kiambishi. Kwa upole wa kimwalimu, ule upole ambao ni namna ya dharau, nikamjibu kwa usahihi:

"Ndiyo, baba, nimefika nalo, tena salama kabisa."

Akawageukia wanawake, akawaambia: "Amefika. Mwalimu ndiye amemleta."

Kilio kilichopanda pale sitakieleza. Mama Osmundi alilala kifudifudi juu ya kifuniko, shavu lake juu ya rangi yangu nyeusi, na mimi nikaelewa kila kitu mara moja, nikageuka, nikaiona meli bado ipo, mnyororo wa nanga ukivutwa taratibu, na mitumbwi miwili ikiwa bado majini. Nilifungua kinywa. Lakini nitamwambiaje mama mkwe, mbele ya ukoo mzima, kwamba anabembeleza sabuni? Nikasema moyoni nitamwambia Mzee Kasiani faraghani. Meli ikapiga honi, ikageuza omo, pua yake ya mbele, ikaelekea Liuli.

Kama mkwe nilipewa pembe ya mbele ya kubebea. Nikalibeba. Kila hatua nilisikia vipande vya sabuni vikigongana ndani, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Amekuwa mzito, maskini, naye alikuwa mwembamba." Nikamsogelea Mzee Kasiani aliyekuwa akitembea kando yangu.

"Baba, lipo jambo kuhusu hili sanduku."

"Habari za gharama tutazungumza baadaye, mwalimu. Usijali, hatutakutupa."

"Si gharama, baba."

"Baadaye, mwanangu."

Nikanyamaza tena, na safari hii sikuwa na sababu hata moja ninayoweza kuitetea.

Uani kwao, katekista alitaka tuanze sala, lakini Mama Osmundi akasema hamziki mwanawe bila kumwona uso. Hapo nilijitokeza. "Mama, afadhali lisifunguliwe," nikasema, na watu wakaguna kwa huruma, wakidhani ninajua maiti imeharibika. Akasisitiza. Mbao zikang'olewa, khanga ya juu ikafunuliwa, na kioo cha kwanza kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Mama Osmundi akainama kumtazama mwanawe.

"Huyu ni mimi," akasema.

Hakupiga kelele. Aliendelea kutazama, kana kwamba akisubiri uso ule uondoke ili wa pili utokee chini yake, mpaka dada yake akamshika mabega akamwinua. Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha woga. Mzee Kasiani akanigeukia.

"Mwalimu, ulisema umefika naye."

Na mimi, mbele ya msiba, mbele ya mwanamke yule, nikajibu: "Nilisema nalo, baba."

"Aa," akasema. "Kumbe sisi ndio tuliokosea Kiswahili."

Boti ya injini ilitumwa siku ileile; jeneza likakutwa Mbamba Bay chini ya turubai lake, mahali palepale lilipokuwa. Lilifika kesho yake jioni, na safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa ni lipi, kwa maana harufu ilitangulia. Katekista akasema haliwezi kufunguliwa. Mama Osmundi akauliza mara moja tu, "Hata kidogo?" Tukazika.

Baada ya matanga aliniita. Nikakaa chini, mbali naye, macho nimeyainamisha kama inavyompasa mkwe.

"Mkwe, pale ufukweni ulikuwa umejua?"

"Nilikuwa nimejua, mama."

"Na meli ilikuwa haijaondoka?"

"Ilikuwa ikivuta nanga."

Akakunja ncha ya khanga yake. "Ungesema," akasema mwishowe. "Tungekukasirikia sana. Lakini meli tungeiwahi."

Tangu siku hiyo nawakatiza watu. Namkatiza padre madhabahuni nikiona mshumaa unakaribia pazia, namkatiza mkuu wa shule mbele ya wageni wake, nawakatiza wakwe zangu wa kike na wa kiume, na kule Mbaha watu husema kwamba elimu imeniondolea adabu. Mimi huwaacha waseme. Aliyenifunza hivyo alikwisha kumzika mwanawe bila kumwona uso.