Kijito cha Mama Mdogo

Mimi ni mwalimu wa uraia hapa Tukuyu, na ukinigusa kwenye mpaka wa Ziwa Nyasa utajuta, maana sinyamazi. Wenzetu wa Malawi wanasema maji yote ni yao mpaka kwenye mchanga wa upande wetu, eti ndivyo Mjerumani na Mwingereza walivyoandikiana. Nikifika hapo, chaki huvunjika. "Waliandikiana wao! Mama wa Kyela anayechota maji pale, aliitwa? Mpaka unapita katikati ya maji. Ndiyo sheria ya mataifa!" Wanafunzi hupiga makofi, nami kichwa hunivimba.

Sasa sikia nilichofanya.

Shamba letu kule Lufingo limepakana kwa kijito na la mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba. Miaka yote tulikitumia sote, sisi kwa migomba, yeye kwa magimbi na ng'ombe wake. Mwaka jana nikataka kuchepusha maji nichimbe bwawa la samaki. Akakataa, akasema magimbi yake yatakauka. Nikapandwa na hasira. Nikapekua sanduku la marehemu baba, nikakuta karatasi: yeye na mdogo wake walikubaliana kwamba mpaka ni ukingo wa ng'ambo. Kijito chote chetu.

Nikaipeleka kwenye baraza la kata. Nilivaa suti, jamani, kwenda kumshtaki mama yangu mdogo! Yeye hajui kusoma. Aliigeuza geuza ile karatasi, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu, siku wanaandika hii, mimi niliitwa?"

Jibu nililijua. Nalifundisha kila mwaka. Nikasema, "Mama, karatasi ndiyo karatasi."

Nikashinda. Nikapanda masale kwenye ukingo wake, mstari mzima, kila mtu aone mpaka ulipo. Bwawa nikachimba, perege wananona, lakini siku hizi siwali. Mara tatu nimekwenda kumwomba radhi, mara tatu nimeishia kumuuliza hali ya ng'ombe. Mwoga mkubwa mimi.

Juzi asubuhi nilikuwa nawalisha hao perege. Mama mdogo akatokea ng'ambo na ndoo yake. Maji ya kijito hiki ameyachota tangu alipoolewa, mimi sijazaliwa. Akafika kwenye masale, akasimama, hakuvuka.

"Hodi," akaita. "Hodi, mwanangu. Naomba maji."