Kadogo Ndani ya Maktaba

Kiwanda kilikuwa kinakufa polepole, lakini ofisi yetu ya kompyuta pale Likasi haikukosa shughuli: tulibishana kutwa. Wahandisi waliotutangulia walikuwa wametunga lugha yao ya kuandikia programu, yenye amri za Kifaransa. Pamoja nayo waliacha maktaba sanifu, yaani vifaa vilivyo tayari ambavyo kila mwandishi wa programu alivikuta ndani ya disketi moja. Hakuna kilichoingia humo bila ruhusa ya chef, mkuu wetu wa ofisi. Nami, mgeni kuliko wote ofisini, nilitaka changu kiingie, liwalo na liwe.

Changu kilikuwa na mistari mitatu. Kiligeuza herufi kubwa kuwa ndogo, basi. Nilikiita KADOGO, nikajiona mvumbuzi. Hoja yenyewe haikuwa mbaya. Mtu wa ghala akiandika BOULON na mwenzake boulon, mashine ilidhani ni vitu viwili, ikasema bolti zimekwisha na huku zimejaa ghalani. Kila mmoja wetu alijiandikia dawa yake, na kila mmoja aliikosea.

Chef alinijibu kwamba maktaba si soko la Kikula, pa kuuzia chumvi kwa kijiko. Kitu ambacho mtu anaweza kukiandika huku akinywa chai, alisema, kila mtu ajiandikie. Tukikubali hiki, kesho utatuletea cha kuhesabu nafasi tupu.

Cha kuhesabu nafasi tupu nilikuwa nimeshakiandika.

Nilimganda mpaka akachoka, akakubali. Kichwa kilinivimba. Nilimsimulia hata mama mkwe, ambaye hakuwahi kuona kompyuta, naye akauliza kama inalipwa.

Kisha vita vikafika, mji ukachukuliwa na waasi. Wanajeshi wapya wengi walikuwa watoto, na mji mzima uliwaita kadogo. Mwerevu mimi sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Asubuhi moja kamanda wao aliingia kukagua ofisi, akasimama nyuma yangu. Kwenye skrini palikuwa pameandikwa KADOGO: ERREUR, yaani kosa.

“Kadogo gani iko na erreur?” akauliza taratibu.

Chef akamweleza kwa upole kwamba ni kaprogramu tu ka kupunguza herufi. Kamanda akataka kujua nani alikapa jina hilo. Mimi niliyejitangaza mpaka kwa wauza mikate, ghafla nikaanza kuzichunguza herufi za kibodi kana kwamba ndiyo kwanza naziona.

“Ni minye njo nilifanya,” chef akasema, akijitwika kosa langu. Akavua miwani, akasubiri.

Kamanda akaamuru jina lifutwe, akaenda zake. Nililifuta. Chef akaketi, akaniambia nitafute jina jingine, kitu kibaki maktabani. Nilishindwa kumtazama usoni.