Nilichora ramani ya mizinga ya baba mdogo kwa kupenda hesabu tu, ikaja kututembeza pori la Ugalla kumtafuta

Wakuu, kwema huko mliko? Mimi ni dada wa hapa Mpanda mjini, na hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimeyaacha.

Kwanza niwaambie mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hapo kisa hakitaeleweka.

Napenda hesabu. Sio kwa sababu nilikuwa napata A, hapana. Nazipenda kama mtu anavyopenda mpira. Nikiwa kwenye foleni naangalia namba za pikipiki zilizopaki nje, nazigawanya kichwani nijue ipi ni namba tasa. Nikiipata nafurahi peke yangu kama mwehu.

Nimezaliwa Magamba, wazazi wangu ni wakulima wa mahindi na karanga. Kompyuta nimeigusa mara ya kwanza nikiwa form five, nasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Mwalimu wa fizikia alitufungulia Excel. Nikaandika moja, chini yake mbili, nikavuta na mouse, namba zikajipanga zenyewe mpaka chini ya screen.

Wenzangu walicheka kwa kufurahi. Mimi nikabaki najiuliza, imejuaje kwamba inayofuata ni tatu?

Swali hilo halijaisha mpaka leo. Sasa hivi nina stationery ndogo, natoa kopi na kuchapa barua za watu, na wateja wakipungua naandika programu zangu kwa Python. Laptop yenyewe ni ya mtumba. Natumia Linux kwa sababu nikiweka Windows inachemka mpaka unaweza kupashia chai juu yake.

Mengine: nasikiliza muziki wa dansi wa zamani, nakula samaki wa kukaanga, wale migebuka wa Ziwa Tanganyika, hata asubuhi, na video za vichekesho zinanichosha haraka. Mama huwa ananiuliza, "Hizo hesabu ndizo zitakuoa?" Namjibu bado tunachunguzana.

Haya, tuje kwenye kisa.

Baba mdogo wangu, yaani mdogo wake baba, ni mrina asali. Mizinga yake ni ya magogo, ameitundika juu ya miti huko pori la Ugalla, mmoja huku mwingine kule.

Sasa kuna swali moja maarufu kwenye hesabu. Mtu ana sehemu nyingi za kupita, azipite kwa mpangilio gani ili atembee umbali mfupi kuliko wote? Ukilisikia unaona ni la darasa la nne. Ila sehemu zikiongezeka, hata kompyuta kubwa zinahema. Lilikuwa limeniganda kichwani muda mrefu, nikaona mizinga ya baba mdogo ndiyo mfano wangu.

Nikamwomba anichukue akienda kurina. Alishangaa, binti wa mjini anataka nini porini, ila akanichukua. Kila mti wenye mzinga nilisimama nikahifadhi location kwenye simu. GPS haihitaji network, hili wengi hawalijui.

Nikarudi Mpanda, nikaandika programu, ikachora njia fupi. Nikampelekea aione.

Akaitazama akasema, "Nzuri, mama. Inafanana na utando wa buibui."

Akaendelea na chai yake. Nikajua imeishia hapo.

Msimu mwingine wa kurina ukafika. Asubuhi moja niko dukani natoa kopi, baba akanipigia. Baba yangu sio mtu wa simu, akipiga ujue kuna jambo.

"Mdogo wangu hajarudi kambini," akasema. "Tangu jana. Ile mizinga yake, si uliihesabu wewe?"

Nikamwomba mteja atoke, nikafunga duka. Nikachukua bodaboda mpaka kijijini.

Ilikuwa hivi. Baba mdogo alikwenda porini na mwenzake, mzee mmoja ambaye naye ana mizinga yake upande mwingine. Wakaachana kambini asubuhi, kila mmoja akaenda kwenye mizinga yake, wakutane jioni. Yule mzee akarudi, baba mdogo hakurudi. Mzee akaita mpaka sauti ikakauka, kulipokucha akapanda baiskeli kwenda kijijini kuomba msaada.

Na pori lile lina wanyama. Hilo kila mtu alikuwa nalo moyoni, hakuna aliyelitamka.

Tulikuwa kundi la kutosha, tukiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilitembea mbele na simu, kwa sababu yule mzee hakujua mizinga ya mwenzake imekaa wapi. Huko kila mmoja anajua ya kwake.

Tukaanzia kambini. Mzinga wa kwanza haujaguswa. Wa pili haujaguswa. Wa tatu hivyo hivyo, nyuki wanaingia na kutoka, hakuna harufu ya moshi.

Mwenyekiti akasimama. "Huku hakuja. Angekuja angeanza na hii ya karibu. Tuvuke huu mto, huenda alikwenda ng'ambo kutafuta miti mipya ya mizinga."

Wakuu, na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Programu yangu ilikuwa inasema vilevile, anza na ya karibu, ndiyo njia fupi.

Watu wakageuka. Ila miguu yangu ikagoma, kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikijui. Nilikuwa najiuliza tu, mbona siku ile niliyokwenda naye nilichoka asubuhi asubuhi kabla hatujarina chochote?

Ndipo nikakumbuka. Siku ile tuliipita hii mizinga ya karibu bila kuigusa. Tulisimama nipige location tu, ndoo zake zikiwa tupu, mpaka mwisho kabisa. Kurina alianzia huko mbali, akawa anarudi nyumbani na mzigo unaongezeka. Ni akili ya kawaida, nani abebe asali kwenda nayo mbali halafu airudishe?

Programu yangu ilimchukulia baba mdogo kama nukta. Nukta haibebi ndoo.

Kwa hiyo mizinga ya karibu kutoguswa haikumaanisha hakuja. Ilimaanisha alikuwa hajaifikia wakati wa kurudi.

Nikamkimbilia mwenyekiti nikamweleza, nahema.

Akaniambia taratibu, "Binti, hili pori sio kompyuta. Ukikosea, jua linazama na mtu yuko ng'ambo."

"Najua," nikasema. "Kompyuta yenyewe ilikuwa upande wako. Mimi nakwambia alivyotembea siku niliyokuwa naye."

Baba alikuwa pembeni. Akasema, "Kundi livuke. Mimi nakwenda na mwanangu."

Mwenyekiti akafikiri, akaligawa kundi. Wachache wakaja na sisi.

Tulitembea sana. Njia nzima nilikuwa naomba kwa Mungu niwe sahihi, na hapo hapo najiuliza, nikiwa nimekosea nitamtazamaje baba? Kukosea kwenye laptop unafuta unaandika upya.

Tulipokaribia mzinga wa mwisho tukasikia mlio. Panga linagonga ndoo, kwa uvivu, kama mtu aliyechoka kusubiri.

Alikuwa ameegemea mti. Kamba ilikatika akiwa juu, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Midomo imepasuka. Maji yalikuwa yameisha, na mikononi ana asali iliyokauka. Baba alipiga magoti akamshika kichwa.

Tukakata miti, tukafunga kwa vitenge, ikawa machela. Tukambeba kwa kupokezana, kijijini tukapata pickup ya kumpeleka hospitali.

Mguu umeunga, ila anachechemea na miti hapandi tena. Ameanza kutumia mizinga ya kisasa ya kutundika chini chini, anasema nyuki wake hawaipendi lakini watazoea kama yeye.

Siku moja nilimpelekea uji wodini, akaniuliza, "Na kama ningekuwa nimekufa, hesabu yako ingenipata pale pale?"

Nikafikiri nimdanganye. Nikasema, "Ndiyo, baba. Haijui kama mtu ni mzima."

Akaniambia nimsogezee uji.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba hesabu haikukosea. Mimi ndiye niliyeiuliza swali la nukta wakati nilikuwa natafuta mtu. Siku hizi kabla sijaandika mstari wa kwanza wa code, najiuliza kwanza huyu mtu amebeba nini.

Nimeanza kusoma jinsi watu wanavyotumia probability kutafuta waliopotea, na kuna sehemu nimekwama: unawekaje tabia ya mtu mmoja kwenye fomula? Mwenye ujuzi anifungue macho hapa chini. Na ambaye sio mtu wa hesabu, niambie wewe ungevuka mto au ungekwenda mbele?