Tiketi ya Kwenda Tu

Jumatatu nilipanga foleni kwenye kituo cha reli nyuma ya jirani yangu wa Makongeni, mkewe na watoto wao wawili. Walikuwa wanakwenda likizo Mombasa, kwa wazazi wa huyo mke, na watoto walibishana nani ataiona bahari kwanza.

“Chukueni tiketi ya familia, kwenda na kurudi,” karani akawashauri. “Ndiyo nafuu.”

Mume aliinama karibu na dirisha. “Mimi nikatie kwenda na kurudi. Mama na watoto, kwenda tu.”

Karani akamtazama mama. Mama akaifungua leso kiunoni, akaifunga tena, polepole.

“Baba watoto, si ulisema ni likizo?”

Mume alikuwa anasoma ratiba ya treni ukutani.

“Tukatie alivyosema,” mama akamwambia karani. Akazichukua tiketi tatu mwenyewe, akawaongoza watoto hadi benchi la mbali.

Nimeona ndoa zikivunjwa kwa matusi, wazee wakiwa wameketi kusikiliza. Hii ilivunjwa kwa sauti ya chini, mbele yetu sote tuliopanga foleni, na karani akaigongea mhuri.